Kutoka Nimule hadi Halfa: Mbinu za Ushawishi katika Hotuba ya John Garang ya 2005, na Maana Yake kwa Mtaa wa Hai Jalaba

Utangulizi

Mjini Juba, katika nchi ya Sudani Kusini, kuna mtaa uitwao Hai Jalaba. Jina hili lina asili ya Kiarabu. "Hai" ni mtaa, na majina ya namna hiyo yamejaa Juba: Hai Malakal, Hai Cinema na mengineyo. "Jalaba" ni jina walilopewa wafanyabiashara waliotoka Sudani ya kaskazini, nalo limetokana na mzizi wenye maana ya kuleta au kuingiza bidhaa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara hao waliingia kusini na nguo na shanga, wakatoka na pembe za ndovu na watumwa. Kwa sababu hiyo neno "jalaba" halikubaki kuwa jina la kazi tu. Kinywani mwa watu wengi wa kusini limekuwa jina la mgeni mwenye duka, na mara nyingine jina la mtesi.

Katika makala hii tunachambua hotuba moja iliyojaribu kubadili uhusiano huo kwa maneno. Ni hotuba ya Dakta John Garang de Mabior, aliyoitoa katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, tarehe 9 Januari 2005, siku ulipotiwa saini Mkataba wa Amani Kamili wa Sudani. Swali letu ni hili: mtu aliyeongoza vita vya miaka 21 dhidi ya serikali ya Khartoum aliwezaje kuwaweka watu wa kusini na jalaba ndani ya neno moja "sisi"? Na je, neno hilo lilidumu kwa kiasi gani baada ya kutamkwa?

Tumechagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wa somo la balagha wamezoea kupewa mifano ya Ugiriki ya kale na ya Marekani, ilhali mifano mizuri iko jirani. Pili, Sudani Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili kinazidi kusikika Juba. Mwalimu atakayefundisha huko hana budi kujua maneno gani yana makovu.

Usuli wa hotuba

Vita vya Sudani vilianza kabla ya uhuru. Tarehe 18 Agosti 1955 askari wa kusini waliasi katika mji wa Torit. Nchi ikapata uhuru tarehe 1 Januari 1956 moto ukiwa umekwisha kuwashwa. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulileta utulivu wa miaka kumi na moja. Mwaka 1983 Rais Jaafar Nimeiri aliugawa upya mkoa wa kusini katika sehemu tatu, kinyume cha mkataba huo, kisha mwezi Septemba akatangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima. Mwezi Mei mwaka huohuo kikosi cha Bor kilikuwa kimeasi. Hapo ndipo lilipozaliwa vuguvugu la SPLM na jeshi lake la SPLA chini ya Garang.

Juba yenyewe ilibaki mikononi mwa serikali muda wote wa vita. SPLA ilijaribu kuuteka mji huo mwaka 1992 ikashindwa. Kwa hiyo mkazi wa Hai Jalaba, awe wa kusini au wa kaskazini, alimjua Garang kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Redio ya SPLA, iliyotangaza kutoka Ethiopia tangu 1984 hadi utawala wa Mengistu ulipoanguka mwaka 1991, ilisikilizwa kwa siri katika miji iliyoshikwa na serikali. Jambo hili si dogo katika uchambuzi wa balagha. Hadhira ya Garang ilifunzwa kwa miaka mingi kusikiliza, si kutazama.

Haiba ya msemaji

Mwanafalsafa Aristotle aliyagawa mambo yanayomshawishi msikilizaji katika mafungu matatu: haiba na uaminifu wa msemaji, hisia za hadhira, na mantiki ya hoja. Tutayafuata mafungu haya moja baada ya jingine, ingawa katika hotuba halisi huwa yamesukwa pamoja kama ukili.

Tukianza na haiba, Garang alikuwa na sifa zisizopatana kwa urahisi. Alikuwa kanali aliyeasi, na vilevile alikuwa msomi. Alizaliwa mwaka 1945 katika eneo la Bor, akasoma sekondari Tanzania, akachukua shahada ya uchumi katika Chuo cha Grinnell huko Marekani mwaka 1969, kisha akawa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ambapo Yoweri Museveni pia alikuwa miongoni mwa vijana wa mrengo wa kushoto waliokuwa chuoni hapo. Mwaka 1981 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kwa utafiti kuhusu maendeleo ya vijijini katika eneo la mradi wa Jonglei. Pale Nyayo, basi, alipozungumzia kilimo na maji, hakuzungumza kama mwanasiasa aliyeandikiwa karatasi.

Hata hivyo haiba haitokani na vyeti. Aliyesimama jukwaani siku ile alikuwa mmoja wa watia saini wawili. Mwenzake alikuwa Ali Osman Taha, Makamu wa Rais wa Sudani. Rais Kibaki na Rais Museveni walikuwepo, pamoja na Colin Powell wa Marekani. Adui wa jana alikaa hatua chache tu kutoka pale. Garang aliitumia nafasi hiyo kwa kuupongeza upande wa pili pamoja na wa kwake: mkataba aliuita kazi ya SPLM na ya chama tawala cha Khartoum kwa pamoja. Msemaji anayemgawia mpinzani wake sehemu ya sifa hujijengea uaminifu haraka kuliko yule anayejisifu peke yake.

Hatuna budi kuongeza kwamba haiba hiyo haikukubaliwa na wote. Mwaka 1991 SPLA iligawanyika, Riek Machar na Lam Akol wakimtuhumu Garang kwa udikteta, na damu nyingi ya watu wa kusini ilimwagwa na watu wa kusini wenyewe. Kwa baadhi ya wasikilizaji, "sisi" ya Nyayo ilipaswa kwanza kuponya majeraha yaliyo ndani ya kusini kabla ya kuvuka kwenda kaskazini.

Salamu kama ramani

Hotuba inaanza kwa salamu, na salamu hizo ndizo kiini cha ufundi wake. Garang anawasalimu watu wa Sudani kutoka Nimule, mpakani mwa Uganda, hadi Halfa, mpakani mwa Misri. Kutoka Geneina, magharibi kabisa, hadi Hamashkoreb na Port Sudan upande wa mashariki. Kisha anawasalimu waliosukumwa pembezoni popote walipo, wakulima, wafanyakazi, wanawake, wanafunzi, vijana. Kila kundi linapewa salamu yake, na kitenzi cha kusalimu kinarudiwa kila mara.

Mbinu hii tunaiita takriri, lakini kuitaja jina tu hakutoshi. Tujiulize inafanya kazi gani. Pembe nne za nchi zinapotajwa, msikilizaji huchora ramani kichwani, na ramani hiyo haina mstari katikati. Aliye Juba yumo. Aliye Halfa yumo. Baada ya hapo watu wanapangwa upya, safari hii kwa hali zao za maisha badala ya kabila na dini. Mkulima wa Gezira na mkulima wa Bor wanajikuta katika fungu moja. Mgawanyo wa zamani wa kaskazini na kusini unafutwa bila msemaji kusema kwamba anaufuta.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili linaeleweka upesi. Kwetu salamu hutangulia shauri, na asiyesalimiwa huhesabu kwamba hakualikwa. Garang alimwalika kila mtu kwanza, ndipo akaleta shauri lake.

Hapa pia ndipo tunapoweza kuliweka neno "jalaba" mahali pake. Tangu ilani yake ya 1983, SPLM ilisema kwamba tatizo halikuwa "tatizo la kusini" bali tatizo la Sudani nzima, na kwamba mkosaji ni kundi dogo lililoshika madaraka Khartoum. Mpaka umehamishwa. Hautenganishi tena Mwarabu na Mwafrika. Unatenganisha wachache wanaotawala na wengi waliotengwa. Mwenye duka dogo Hai Jalaba, ambaye hana waziri wala jenerali katika ukoo wake, anapewa nafasi ya kuhamia upande wa wengi.

Hisia: tano tano za mwanamke wa kijijini

Sehemu inayokumbukwa sana na wasikilizaji ni ile inayohusu wanawake, ambao Garang aliwaita waliotengwa miongoni mwa waliotengwa. Anamweleza mwanamke wa kijijini anayeamka alfajiri, anatembea kilomita 5 kuchota galoni 5 za maji, safari ya saa 5. Anatumia saa 5 nyingine shambani na saa 5 jikoni, kisha analala.

Tazama kwamba hakuna neno la kilio humo. Kuna hesabu. Msikilizaji anajumlisha mwenyewe na kuona kwamba siku imekwisha na mwanamke huyo hajapata hata dakika moja yake. Hisia inayotokana na hesabu aliyoifanya msikilizaji mwenyewe hukaa kuliko ile anayoamriwa kuwa nayo.

Sehemu hii ina somo kwa wanafunzi wetu wa tafsiri. Katika Kiingereza cha Garang mwanamke huyo anaamka saa "tano", na hivyo tarakimu ya tano inafungua na kuendelea hadi mwisho. Kwa majira ya Kiswahili saa hiyo ni kumi na moja alfajiri. Mfasiri akiwa mwaminifu kwa saa, anaivunja takriri. Akiwa mwaminifu kwa takriri, anamwamsha mwanamke karibu na adhuhuri! Sisi tungependekeza kuandika "alfajiri" tu, na kuziachia tano zilizobaki kazi ya mdundo. Mapigo matano yanatosha.

Hisia nyingine inaletwa kwa sauti. Garang anasema kwamba mabomu hayataanguka tena kutoka angani juu ya watoto na wanawake. Mahali pa vilio patasikika vicheko vya watoto na vigelegele vya wanawake. Vita hivyo vinakadiriwa kuua watu wapatao milioni 2, lakini takwimu kubwa namna hiyo hailizi mtu. Sauti ya kigelegele baada ya sauti ya ndege ya kivita, hiyo inaeleweka na kila aliyekuwa Juba, Yei au Torit.

Mantiki: hoja yenye milango miwili

Kiini cha hoja ya Garang kinaweza kupangwa hivi. Kwanza, Sudani ni nchi ya mchanganyiko, tangu zamani na hata sasa. Ili kuthibitisha la zamani anarudi hadi Kushi inayotajwa katika Biblia na falme za Nubia. Ili kuthibitisha la sasa anataja makabila zaidi ya 500. Pili, serikali zote za Khartoum tangu 1956 zilijaribu kujenga dola juu ya nguzo mbili tu, Uarabu na Uislamu. Tatu, kwa hiyo walio wengi wamebaki nje ya dola. Nne, walio nje hupigana. Hitimisho: vita haviwezi kukoma kwa kuwashinda walio nje, bali kwa kuipanua nyumba ili nao waingie. Nyumba hiyo aliiita Sudani Mpya.

Mpangilio huu una nguvu kwa sababu hauhitaji kumchukia mtu. Hata anauweka mwaka 1956 ndani ya historia ndefu zaidi: Garang anahesabu miaka 184 ya vita tangu uvamizi wa Waturuki na Wamisri mwaka 1821. Lawama inatawanyika, na aliyelaumiwa anapata pa kupumulia.

Lakini hoja hii ina mlango wa pili. Garang alisema waziwazi kwamba ikiwa Sudani Mpya haitawezekana, basi zitafutwe njia nyingine, ikiwa ni pamoja na kuigawa nchi. Mkataba wenyewe uliliruhusu jambo hilo: tangu Itifaki ya Machakos ya Julai 2002, watu wa kusini waliahidiwa kura ya maoni baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita. Kwa kaskazini mlango wa pili ulikuwa onyo la upole. Kwa kusini ulikuwa ahadi. Sentensi moja, hadhira mbili, na kila moja ikasikia inachokihitaji. Huo ni ustadi, na pia ni hatari.

Hatari hiyo ilionekana mapema. Mwezi Mei 2005, akiwa Rumbek mbele ya watu wa kusini, Garang alitoa maneno ambayo mpaka leo hutajwa sana Juba. Aliwaambia, kwa muhtasari, kwamba wapiganaji wamewaletea mkataba katika sahani ya dhahabu. Sasa ni zamu yao, na kura itakapofika wajiulize kama wanataka kuwa raia wa daraja la pili katika nchi yao wenyewe. Swali hilo ni la balagha: halina jibu ila moja. "Sisi" ya Nyayo ilifika Halfa. "Ninyi" ya Rumbek iliishia mpakani mwa kusini.

Baada ya hotuba

Tarehe 8 Julai 2005 umati mkubwa sana ulimpokea Garang Khartoum, na kesho yake akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Tarehe 30 Julai helikopta iliyombeba kutoka Uganda ilianguka. Habari zilipotangazwa tarehe 1 Agosti, ghasia zilizuka Khartoum, ambako watu wengi waliuawa, na Juba pia, ambako maduka ya wafanyabiashara wa kaskazini yaliporwa na kuchomwa. Miezi saba haikuwa imetimia tangu salamu za Nyayo.

Tunaona hapa udhaifu wa ushawishi unaotegemea haiba. Katika hotuba ile, mdhamini wa "sisi" pana alikuwa msemaji mwenyewe. Hapakuwa na chombo kingine kilichoishika: si shule, si gazeti, si mahakama. Mdhamini alipoondoka, neno "jalaba" lilirudi na makali yake ya karne ya 19. Lakini swali la Rumbek lilikuwa na chombo chake, yaani sanduku la kura. Katika kura ya maoni ya Januari 2011 asilimia 98.83 walichagua kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 Sudani Kusini ikawa nchi huru.

Mambo hayakuishia hapo. Mwezi Januari 2025, baada ya habari za kuuawa kwa watu wa Sudani Kusini katika jimbo la Al Jazira nchini Sudani, maduka ya Wasudani mjini Juba yalishambuliwa tena, watu wakauawa, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Waliopigwa walikuwa wachuuzi na waokaji mikate, wengine wakiwa wamekimbia vita vilivyozuka Khartoum mwaka 2023. Kwa hadhi zao wangeweza kuwa miongoni mwa waliosalimiwa pale Nyayo.

Lugha kama mali ya anayeitumia

Kuna hoja moja ya Garang inayotuhusu zaidi sisi walimu wa lugha. Katika mkutano wa Koka Dam, Ethiopia, mwezi Machi 1986, alisema kwamba Kiarabu ni lugha ya Sudani, na si mali ya Waarabu peke yao. Alitoa mlinganisho: Wamarekani husema Kiingereza bila kuwa Waingereza, Wakuba na Waargentina husema Kihispania na nchi zao si Hispania. Mlinganisho huu unatenganisha lugha na mtawala aliyeitumia.

Historia ilichukua njia nyingine. Katiba ya mpito ya kusini ya 2005 ilivitambua Kiingereza na Kiarabu kuwa lugha rasmi. Ile ya 2011 ilibakiza Kiingereza peke yake, na kuziita lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Hata hivyo sokoni Juba watu wanaendelea kuelewana kwa Kiarabu cha Juba, na hilo jina Hai Jalaba lenyewe ni Kiarabu kitupu. Mtu anaweza kumchukia jalaba kwa lugha aliyoileta jalaba.

Kiswahili nacho kina historia ya misafara na ya watumwa. Kilisamehewa, tukisema hivyo, pale kilipoanza kutumiwa na wakulima, wafanyakazi na wapigania uhuru kwa mambo yao wenyewe. Kikiingia Juba kwa mlango wa jumuiya na biashara, tuhakikishe hakipewi sura ya lugha ya wageni wenye maduka.

Hitimisho

Hotuba ya Nyayo inatufundisha kwamba ushawishi una umri. Salamu zilizochora ramani bila mpaka zilishawishi kweli, na mapokezi ya Khartoum ni ushahidi. Hazikudumu kwa sababu zilibaki maneno ya mtu mmoja. Swali lililofungwa kwenye kura lilidumu, kwa kuwa lilipewa siku, karatasi na sanduku. Anayetaka kuwashawishi watu waishi pamoja hana budi kuuliza, baada ya makofi, ni nani atakayelitunza neno lake mtaani, hasa katika mtaa wenye jina kama Hai Jalaba.

Kwa walimu watakaopenda kuitumia makala hii darasani, tunapendekeza maswali yafuatayo:

1. Kiambishi "tu-" katika Kiswahili hakionyeshi kama msikilizaji amejumuishwa au la. Toa mifano mitatu kutoka hotuba za viongozi wa nchi yako inayotumia utata huo, na ueleze nani amebaki nje.

2. Fasiri kwa Kiswahili maelezo ya siku ya mwanamke wa kijijini. Je, utaitunza saa au utaitunza takriri? Tetea uamuzi wako.

3. Tafuta jina la mtaa katika mji wako lililotokana na kundi la watu. Wenyeji wa sasa hulitamka kwa hisia gani, na kwa nini?